Ufunguo ukipotea usikimbilie kuchongesha mwingine, badilisha kitasa

Mama Wawili (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wapendwa. Naleta jambo hili kwa sababu limenitia hasara na sitaki limkute mwingine.

Mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika, niliteremka kwenye daladala ya Segerea na mtoto mgongoni, mwavuli mkono huu, mfuko wa sokoni mkono ule. Kufika mlangoni natafuta kipochi, hakipo. Ndani yake kulikuwa na hela kidogo, ufunguo wa mlango na wa geti kwenye pete moja, na kadi ya kliniki ya mtoto. Nililia kadi kuliko funguo, maana chanjo zake zote zimeandikwa mle.

Jirani akaniitia fundi funguo. Kijana akaja na waya zake, hazikupita dakika ishirini mlango ukafunguka bila kuumia. Akatoa kitasa, akakifungua, akanichongea ufunguo mpya kwa kufuata vilivyomo ndani. Nikamlipa Sh 15,000, nikamshukuru sana, nikalala.

Wiki mbili baadaye narudi kazini nakuta mlango umerudishiwa tu. Haukuvunjwa. Hakuna alama ya bisibisi, hakuna mbao iliyochubuka. Mtungi wa gesi haupo, redio haipo, mashuka mapya mawili hayapo. Majirani wanasema hawakusikia kishindo, na ni kweli, kishindo cha nini? Aliyeingia alikuwa na ufunguo. Ufunguo wangu mwenyewe, na kadi ya kliniki ilikuwa na jina langu na jina la mtaa. Geti nalo alilifungua kwa ufunguo wa pili uliokuwa kwenye pete ileile.

Ndipo nikaelewa kosa langu. Usiku ule swali langu lilikuwa moja tu: nitaingiaje? Sikujiuliza ufunguo ule sasa uko mkononi mwa nani. Kuchongesha mpya kulinirudishia mimi njia ya kuingia, yule mwingine hakukumzuia hata kidogo. Kitasa ni kilekile.

Kwa hiyo ombi langu: ukipoteza ufunguo wa mlango wa nje, mwite fundi akufungulie, lakini kitasa kibadilishwe siku hiyo au kesho yake asubuhi. Kama hela haipo kabisa, usiku huo weka chuma cha kutundikia kufuli, na kufuli lako jipya, nje, na ndani funga komeo.

Mafundi mliomo humu naomba mtusaidie, kitasa kinabadilishwaje bila kuharibu mlango? Wa kwangu ni mbao, na fundi aliyekuja mara ya pili aliutoboa na patasi hadi fremu ikapasuka.

Kaka Tabata

Pole sana dada. Ila mimi naona si kila ufunguo uliopotea ni hatari. Wangu ulidondoka Coco Beach kwenye mchanga. Nani atajua ni wa mlango gani Dar nzima?

Mama Wawili

Asante kaka. Wako uliuona ukidondoka, na ulikuwa peke yake. Kama ulikuwa na kitambulisho, au risiti yenye anuani, au kibandiko kilichoandikwa "chumba namba 3", hiyo ni habari nyingine. Na kama ulipotelea karibu na nyumbani, yaani dukani, saluni, kwenye boda unayopanda kila siku, anayeuokota anakufahamu. Mimi tangu siku ile sibebi funguo na karatasi zenye jina langu pamoja.

Fundi Patasi

Salaam wote. Pole mama. Mimi ni seremala, milango na vitasa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu nimechoka kuona milango mizuri ya mninga imetafunwa kwa kazi ya nusu saa.

Kwanza elewa una kitasa gani. Milango mingi ya mbao ya nje ina kitasa cha kuzamisha: boksi la chuma limezama ndani ya ubao, nje unaona bamba jembamba ukingoni, mikono miwili na tundu la ufunguo. Ndani ya boksi kuna visahani vinaitwa leva. Kila jino la ufunguo linanyanyua leva yake. Zote zikifika kimo chake sawasawa ndipo komeo linapita, moja ikizidi au ikipungua, linagoma. Kitasa cha leva mbili kina mipangilio michache ya meno, ndiyo maana kwenye nyumba za kupanga unaweza kukuta ufunguo wa chumba hiki unafungua na kile. Kwa mlango wa nje usishuke chini ya leva tatu, na ukipata cha leva tano ni bora zaidi. Waingereza wana kiwango chao, BS 3621, ambacho kinataka komeo litoke mm 20 na kitasa kihimili kutobolewa na keekee. Vya kwetu vya bei ya chini komeo linatoka kidogo sana. Ukiwa dukani zungusha ufunguo uone linatoka kiasi gani kabla hujalipa.

Sasa kukitoa. Mlango uwe wazi. Fungua skrubu za mikono pande zote mbili, toa mikono, kisha vuta kile chuma cha mraba kinachopita katikati. Halafu njoo ukingoni, fungua skrubu mbili za bamba, ya juu na ya chini. Baadhi ya vitasa vina bamba mbili, ya juu ni pambo na skrubu zake ndogo, ya chini ndiyo inayoshika boksi. Watu wengi hapo ndipo wanapokosea: wanatoa ya juu, boksi haliji, wanaanza kupiga tindo.

Usichokonoe bamba kwa patasi. Chukua bisibisi ndefu, ipitishe kwenye tundu la chuma cha mraba itokeze upande wa pili, shika ncha zote mbili kwa mikono miwili, vuta kuja kwako taratibu. Boksi litatoka lenyewe. Likigoma, rangi imeligandisha. Pitisha wembe kuzunguka bamba, ukate ile rangi, vuta tena.

Kikishatoka usikitupe. Kipeleke dukani hichohicho.

Mpangaji Mpya

Fundi, kwani vitasa havifanani vyote? Mimi nilikuwa nataka kununua tu cha kufunga.

Fundi Patasi

Havifanani mdogo wangu, na hapo ndipo mlango unapoharibika. Kitasa kisichoingia kwenye tundu la zamani kinamlazimisha fundi achonge upya, na ubao uliobaki pembeni unakuwa mwembamba kama biskuti. Teke moja limeisha.

Pima vitu vinne. Urefu wa boksi. Kina chake, yaani linaingia ubaoni kiasi gani, mara nyingi ni inchi 2½ au 3. Umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo. Na umbali kati ya tundu la ufunguo na tundu la mkono, katikati hadi katikati. Kwenye vitasa vya mtindo wa Kiingereza hiki cha mwisho aghalabu ni mm 57. Vya silinda, yaani vile ambavyo ufunguo unaingia kwenye kipande kinachochomoka peke yake, vina vipimo vingine, 72 au 85 ndivyo ninavyokutana navyo zaidi. Cha nne kikikosewa hata mm 5, mikono ya zamani haitakaa, utanunua na mikono mipya na kutoboa matundu mapya.

Ukibeba cha zamani mkononi unalinganisha hapohapo kaunta. Kule Kariakoo wanaokuuzia wanavipanga ubavu kwa ubavu, dakika moja unajua.

Angalia pia ulimi, ile sehemu iliyokatwa mshazari inayojifunga yenyewe ukisukuma mlango. Mlango wako unaweza kufunguka upande wa pili. Vitasa vingi ulimi unageuzwa: unauvuta au unafungua boksi, unauzungusha nusu duara, unarudisha. Mwambie muuzaji akugeuzie kabla hujaondoka.

Mama Wawili

Fundi, Mungu akubariki. Yule wa pili aliyekuja kwangu hakupima kitu. Alikuja na kitasa mfukoni.

Bi Mkubwa Uani

Wanangu, mimi nina nyumba ya wapangaji, vyumba vitano na geti moja. Naomba niseme upande wetu. Mpangaji akibadilisha kitasa bila kuniambia, siku bomba limepasuka ndani na yeye yuko safari, mimi naingiaje? Nilishawahi kukuta maji yamejaa chumba hadi yanatoka chini ya mlango, na mwenyewe yuko Mbeya simu haipatikani. Niambieni tu. Sikatazi.

Mama Wawili

Shikamoo mama. Una haki kabisa. Mimi nilimpigia mwenye nyumba kabla fundi hajaanza, na ufunguo mmoja nikampa ndani ya bahasha niliyoigundisha na kusaini juu ya mkunjo. Akiifungua nitajua, na yeye hilo limempendeza kwa sababu linamlinda hata yeye.

Na la geti, mama, ufunguo wangu ulipopotea nilipaswa kuwaambia wapangaji wote usiku uleule. Sikusema, niliona aibu. Geti ni la watu wote, na kufuli la geti lilipaswa kubadilishwa kwa gharama yangu niliyepoteza. Nimekwishawaomba radhi na kufuli nimenunua mimi, na kila nyumba imepata ufunguo.

Bi Mkubwa Uani

Marahaba mwanangu. Hapo umefanya utu uzima.

Kaka Tabata

Swali la uchumi. Je, nikihama si naweza kurudisha kile kitasa cha zamani na kuondoka na changu kipya? Cha zamani nimekihifadhi.

Fundi Patasi

Wengi hufanya hivyo na mimi nilikuwa nawashauri hivyo.

Mama Wawili

Naomba nipinge hapo, fundi, kwa heshima. Kitasa ambacho ufunguo wake umepotea ukikirudisha, unamhamishia mpangaji anayekuja hatari yako. Yeye hajui chochote. Atalala na watoto wake akidhani amefunga. Kama ni lazima kirudi, basi kwanza kibadilishwe ndani.

Fundi Patasi

Umenishinda, na ni kweli. Na inawezekana: boksi likifunguliwa, leva zinaweza kupangwa upya, ya juu ikawa ya chini, kisha ufunguo mpya ukachongwa kufuata mpangilio huo. Ule uliopotea haufungui tena. Fundi funguo anayejua kazi anafanya hivyo, na ni nafuu kuliko kitasa kipya. Lakini umwombe waziwazi. Ukisema tu "nichongee ufunguo" atakuchongea wa kufanana na ule uliopotea, kama ilivyokukuta mama.

Kijana wa Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mlango wangu ni wa aluminiamu, una silinda. Ufunguo umepotea lakini kwa bahati mlango uko wazi. Nimefungua skrubu ya ukingoni, silinda haitoki. Nimeivuta mpaka basi.

Fundi Patasi

Acha kuivuta ndugu yangu, utapinda mlango. Katikati ya silinda chini yake kuna kijino kinachosukuma komeo. Ufunguo ukiwa umetolewa, kijino kinakaa kimeinama pembeni, kwa hiyo kinakwama ndani ya boksi. Mwenye ufunguo huuingiza, huuzungusha kidogo tu hadi kijino kilingane na mwili wa silinda, kisha huichomoa kama droo. Wewe huna ufunguo, kwa hiyo mwite fundi funguo aizungushe kwa vifaa vyake. Akishindwa ataitoboa na keekee, silinda itakufa lakini boksi na mlango vitabaki salama. Silinda pekee ndiyo utakayonunua.

Kununua: pima kutoka katikati ya tundu la ile skrubu hadi mwisho wa kila upande. 30 na 30, au 30 na 40, wanaandika hivyohivyo kwenye pakiti. Usichukue ndefu ukidhani ni imara zaidi. Ikichomoza nje zaidi ya mm 3 hivi, mwizi anapata pa kuishika na kuivunja katikati.

Kwa faida tu, aina hii ya silinda yenye pini na springi imetokana na hati miliki ya Mmarekani Linus Yale mwaka 1861, na ndiyo sababu utawasikia wazee wakiita ufunguo mdogo bapa "ufunguo wa Yale" hata kama umetengenezwa kwingine.

Kijana wa Kisauni

Ahsante fundi. Na hizi za huku pwani zinashika kutu haraka sana, nitie mafuta gani?

Fundi Patasi

Usitie mafuta ya kupikia, nakuomba. Siku mbili tatu zinaenda vizuri, halafu vumbi linaganda humo kama uji. Saga risasi ya penseli, upake unga wake kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa.

Mpangaji Mpya

Na mie ninalo. Mlango wetu tangu mvua zianze ufunguo hauzunguki, mwenzangu anasema kitasa kimekufa tununue kingine.

Fundi Patasi

Kabla hamjatoa hela: fungua mlango, zungusha ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka laini, kitasa ni kizima, ubao ndio umevimba au bawaba zimelegea. Kisha funga mlango, shika mkono, unyanyue mlango juu kwa nguvu kidogo huku ukizungusha. Ukikubali, ni bawaba. Kaza skrubu zake. Kama matundu yamekuwa makubwa hazishiki, jaza njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao, zikate usawa, acha zikauke, rudisha skrubu.

Mama Wawili

Fundi, umalizie basi na kukifunga kipya. Nilichokiona kwangu ni kwamba komeo lilikuwa haliingii kwenye tundu la fremu, yule fundi akawa analipanua tundu tu mpaka fremu ikapasuka.

Fundi Patasi

Zamisha boksi, rudisha chuma cha mraba, kaza skrubu za bamba kwa mkono na si kwa mashine, halafu mikono. Usikaze mikono mpaka mwisho kabla hujajaribu ufunguo, ikikaza sana upande mmoja inabana kitasa kinakuwa kizito.

Kisha jaribu mlango ukiwa WAZI. Mara kumi, ndani na nje, kwa funguo zote ulizopewa, kila mmoja. Nimewahi kuitwa na mtu aliyefunga mlango kwa furaha baada ya kumaliza, ufunguo wa pakiti haukuwa wa kitasa kile.

Kuhusu tundu la fremu, chukua wanja au masizi ya sufuria, paka ncha ya komeo. Rudisha mlango pole pole, zungusha ufunguo komeo liguse fremu, fungua. Litakuachia alama pale linapogonga. Chonga hapo tu, mm mbili kwa mm mbili, jaribu tena. Bamba la fremu lifungwe kwa skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao ngumu. Kitasa kizuri kwenye fremu yenye skrubu za nusu inchi ni kazi bure.

Bi Mkubwa Uani

Nami niongeze moja. Wengine mkishaibiwa mnafunga grili kwa ndani na makufuli mawili, ufunguo mnaulalia chini ya mto. Moto ukiwaka usiku mtoto anautafutia wapi?

Mama Wawili

Ni kweli mama, hilo lilinikosesha usingizi. Nimepigilia msumari nyuma ya kabati, mbali na dirisha ili mtu asiufikie kwa kijiti, na ufunguo wa grili unakaa hapo kila usiku, haukai kwingine. Mkubwa wangu ana miaka saba, nimemfundisha kuufikia na kufungua gizani taa zikiwa zimezimwa. Tumefanya mara tatu. Kwa wenye silinda, ipo inayozungushwa kwa kidole upande wa ndani bila ufunguo. Kama dirisha la kioo haliko karibu na mlango, ningechukua hiyo.

Kaka Tabata

Na huyo fundi funguo nitamwaminije? Anayeweza kufungua mlango wangu kwa waya anaweza kurudi.

Fundi Patasi

Fundi wa kuaminika atakuuliza maswali kabla hajagusa mlango. Atataka jirani au mwenye nyumba aseme kweli unaishi hapo, na mtaa mwingine atataka mjumbe awepo. Asiyeuliza kitu usiku wa manane, huyo mtilie shaka, maana hata mwizi akimwita atamfungulia. Mwite anayekaa sehemu moja kila siku, mwenye meza yake inayojulikana. Na akichonga ufunguo, uchongwe mbele yako, uhesabu, uondoke na wa kielelezo pia.

Mpangaji Mpya

Mrejesho wadau. Ilikuwa bawaba! Skrubu tatu kati ya sita zilikuwa zinacheza. Njiti za kiberiti na gundi, tumeacha usiku mzima, leo ufunguo unazunguka kwa vidole viwili.

Ila tumekaa na mwenzangu tukajiuliza waliokaa hapa kabla yetu walikuwa wangapi, na funguo zao ziko wapi. Hatujui. Kwa hiyo tumepima, boksi inchi 3, katikati hadi katikati mm 57, tumebeba cha zamani mkononi, tumerudi na cha leva tatu. Kimeingia bila kuchonga hata unyoya. Wanja nimeazima kwa dada wa chumba cha pili. Tumejaribu mara kumi mlango ukiwa wazi, funguo zote tatu. Mmoja uko kwenye bahasha, kesho asubuhi nampelekea baba mwenye nyumba.